Zima Mawimbi Kabla Ndege Haijapaa

Wako watu wanaodai ati kuzima mawimbi ya laptopu ndani ya ndege ni kusumbuana bure. "Mbona wengine husahau na ndege haianguki?" Ndivyo wasemavyo. Hoja hii mimi siikubali hata kidogo.

Sisemi kwamba laptopu moja itaangusha ndege. Huko ni kutishana. Lakini chombo hicho hutoa mawimbi ya redio: ya waifai, ya Bluetooth, na hata ya simu iwapo kimetiwa laini. Rubani naye hutegemea mawimbi ya redio ili aongee na waelekezaji walio chini. Je, hujawahi kuweka simu kando ya redio ukasikia ule mlio wa trrr-trrr? Hebu fikiria mlio kama huo sikioni mwa rubani anapoambiwa ashuke hadi kimo gani! Tena ndegeni hauko peke yako. Haba na haba hujaza kibaba.

Isitoshe, sheria hii imekwisha kulegezwa. Zamani vyombo hivi vilizimwa kabisa ndege ikipaa na ikitua. Mwaka wa 2013, baada ya uchunguzi, Marekani na Ulaya ziliruhusu vile vidogo vitumike safari nzima, mradi viwe katika hali ya ndege. Kwa hivyo tunachoombwa sasa ni kidogo mno. Tukikatae kwa nini?

Basi, iwe unaenda Kisumu au London, fanya hivi. Kabla ya kupanda, fungua laptopu, bonyeza kitufe chenye picha ya ndege, kisha izime kabisa. Kufunika kifuniko tu hakutoshi, bwana; mara nyingi huwa imesinzia tu, na yaweza kuamka mle mle mkobani. Kama ndege ina waifai yake, ngoja mhudumu aruhusu, ndipo uwashe waifai peke yake.

Mhudumu hawezi kuona yaliyomo mkobani mwako. Hapo ndipo utu wa mtu hupimwa. Mwenye adabu hangoji kusimamiwa kama mtoto wa chekechea, kwani anajua kwamba uhai wa jirani yake umo humo humo ndegeni. Tahadhari kabla ya hatari.