Kiswahili Kwenye Meza ya Ziwani

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Swali linalotukabili sisi wapenzi wa Kiswahili ni hili: mgeni anapofika Homa Bay au Migori, hukaribishwa mezani kwa lugha gani?

Swali hili si la mzaha. Tangu ugatuzi uanze kutekelezwa mwaka 2013, miji hii miwili, ambayo ni makao makuu ya kaunti zake, imezidi kuvutia wageni. Tarehe 1 Juni 2025 sherehe za kitaifa za Madaraka ziliadhimishwa mjini Homa Bay. Hata hivyo, katika hoteli nyingi orodha ya vyakula huandikwa kwa Kiingereza, ilhali mpishi, mhudumu na mlaji huagizana na kujibizana kwa Kiswahili na Kidholuo. Ni kana kwamba Kiswahili kinafaa kusemwa, lakini hakina hadhi ya kuandikwa.

Ukweli ni kwamba ziwa limekwisha kukitajirisha Kiswahili. Chukua mfano wa mbuta, samaki aliyeingizwa katika Ziwa Viktoria miaka ya 1950. Viwanda vilipoanza kuuza minofu yake ng'ambo, wenyeji wengi waliachiwa kichwa na mifupa. Upande wa Kenya mabaki hayo yakaitwa mgongo wazi. Kule Mwanza yakaitwa panki. Jina mgongo wazi halikubuniwa na kamati yoyote. Lilizaliwa sokoni, tena linabeba historia nzima ya uchumi: nani alikula mnofu, na nani alisaziwa mifupa. Mwanafunzi wa isimujamii atapata wapi mfano bora kuliko huu?

Aidha, anayevuka mpaka kutoka Isebania kuingia Sirare hukuta mbuta amegeuka sangara, ngege amekuwa sato, na omena ameitwa dagaa. Wapo wanaoshikilia kwamba majina ya upande wa Kenya ni ya Kidholuo, hivyo hayastahili kuingia katika Kiswahili sanifu. Mimi siafikiani nao. Dagaa ni jina pana, linalotumika pia kwa samaki wadogo wa baharini. Omena humtaja bayana yule wa ziwani. Neno linalopambanua maana na kutumiwa na Wakenya wa makabila mengi halina haja ya kuomba radhi kwa asili yake. Lugha iliyopokea meza kutoka kwa Wareno itashindwaje kumpokea omena kutoka kwa jirani?

Burudani nazo zina hali iyo hiyo. Mbuga ya Ruma ina korongo, swala adimu mno nchini Kenya. Kuta za mawe za Thimlich Ohinga katika Kaunti ya Migori, zilizojengwa bila saruji, zilitambuliwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2018. Karibu na Kendu Bay lipo ziwa Simbi Nyaima, ambalo masimulizi yanasema lilikimeza kijiji kilichomnyima mwanamke mzee hifadhi na chakula. Haya yote yanadai vitabu vya mwongozo na wasimulizi wa Kiswahili, ili Mkenya wa kawaida naye awe mtalii nchini mwake.

Huenda mtu akahofia kwamba Kiswahili kitazimeza lugha za wenyeji. Hofu hiyo ina msingi. Kisuba kimedhoofika sana mbele ya Kidholuo katika eneo hili hili. Ndiyo maana napendekeza ukopaji wenye heshima, unaotaja chimbuko la kila neno.

Basi wanachama wenzangu, likizo ijayo tuingie sokoni na jikoni tukiwa na daftari. Tuandike majina ya samaki, mboga, vyombo na mapishi, kisha tuwafikishie watunga kamusi. Vilevile tuwasaidie wenye hoteli kuandika orodha zao kwa Kiswahili. Haba na haba hujaza kibaba.