Pikapu ikila mafuta, tazama mipira kabla ya kununua kabureta

MSIMU wa korosho ukifunguliwa mwezi Oktoba, hapa Tandahimba hakuna gari linalolala. Pikapu zilizochoka, nyingine zikiwa na umri mkubwa kuliko madereva wake, ndizo zinazobeba magunia kutoka mashambani hadi kwenye maghala ya vyama vya msingi. Kabla ya hapo zilishabeba mifuko ya salfa. Kiangazi zinabeba madumu ya maji, maana kila mkazi wa uwanda wa juu wa Makonde anaijua shida ya maji.

Magari haya ni mtaji kama ulivyo mkorosho. Tofauti ni kwamba mkorosho tunaupalilia na kuupulizia dawa kwa ratiba, ila gari tunalifungua boneti siku limezimika.

Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kutumika mkoani Mtwara msimu wa 2007/2008, mkulima hupata fedha zake baada ya mnada. Mwenye pikapu naye mara nyingi husubiri nauli yake hadi mkulima alipwe. Petroli hainunuliwi hivyo. Kituoni ni fedha mkononi. Kwa hiyo kila lita inayopotea bure inatoka mfukoni mwa mwenye gari kabla hajaona senti ya korosho.

Nitoe mfano wa nyumbani. Pikapu ya mjomba wangu, ya petroli na ya kabureta, ilianza kusumbua. Sailensa ilikuwa inapanda na kushuka, mlimani ilikosa nguvu na mafuta ilikuwa inakunywa. Fundi wa kwanza alibadilisha plagi. Wa pili alichezea skrubu za kabureta. Wa tatu alishauri inunuliwe kabureta nyingine, mjomba akanunua. Gari likabaki vilevile.

Tulipokuja kutazama kwa utulivu, kosa lilikuwa kwenye mipira ya vakyumu, ile myeusi inayotoka kwenye injini kwenda huku na huko. Mmoja, unaokwenda kwenye distribyuta, ulikuwa umezibwa kwa bolti. Mwingine ulichomekwa mahali pa mwenzake. Ule mnene unaokwenda kwenye busta ya breki ulikuwa umepasuka kwenye maungio.

Injini ya petroli hufyonza hewa kama mtoto anavyofyonza soda kwa mrija. Mvuto huo hupitishwa kwenye mipira ili ufanye kazi nyingine, kama kuwahisha cheche gari linapokwenda kwa mwendo mwepesi, na kumsaidia dereva kukanyaga breki. Mpira ukipasuka, huingia hewa ambayo kabureta haikuipima. Petroli inakuwa kidogo kuliko hewa, injini inakohoa. Fundi asiyejua chanzo anafungulia petroli zaidi, na mwenye gari analipia kosa ambalo bado lipo.

Tupige hesabu. Tuchukulie gari zima linakwenda kilomita 10 kwa lita, na bovu linakwenda 8. Kwa kilomita 400 kwa wiki, la kwanza linatumia lita 40, la pili lita 50. Kwa wiki 12 za msimu, hizo ni lita 120 zilizopotea. Zidisha kwa bei ya EWURA ya mwezi huu katika wilaya yako, kisha uliza dukani bei ya mita chache za mpira. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Lakini jambo kubwa kuliko petroli ni breki. Busta isipopata mvuto, pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Tambarare unaweza kuvumilia. Ukiwa umepakia magunia unashuka kutoka Newala kuelekea Masasi, huo si uvumilivu tena, ni kucheza na roho za watu.

Kipimo chake hakina gharama. Gari likiwa limesimama mahali tambarare na injini imezimwa, kanyaga breki mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu. Acha mguu hapo hapo, kisha washa injini. Pedali ikishuka kidogo, busta inafanya kazi. Isiposhuka, usipakie mzigo. Wenye dizeli nao wasijione wamepona. Pikapu nyingi za zamani za dizeli hupata mvuto kutoka kwenye pampu ndogo iliyo nyuma ya alteneta, na mpira wake huzeeka vilevile.

Kuhusu kupanga mipira, magari mengi yaliyotoka Japan yana karatasi iliyobandikwa chini ya boneti yenye mchoro wake. Maandishi yakiwa ya Kijapani, mistari haihitaji mkalimani. Badilisha mpira mmoja mmoja, na kila unaochomoa ufungie kitambaa chenye namba. Kutafuta unaovuja, nyunyizia maji ya sabuni kwenye maungio injini ikiwa inaunguruma. Mlio ukibadilika, umepata. Wanaonyunyizia petroli wanatafuta moto. Na mpira wa dripu ya hospitali si spea ya gari. Joto la injini huulainisha ukajikunja.

Wapo watakaosema dawa ni kununua gari jipya. Kwa kipato gani? Wengi wetu tutaendelea na haya tuliyonayo. Ninachoshauri ni mambo mawili. La kwanza, kila mwenye pikapu awe na daftari la lita na kilomita, ili ugonjwa uonekane mapema. La pili, vyama vya msingi vizungumze na VETA ili mafundi wetu wa vijijini wapate mafunzo mafupi kabla ya msimu. Fundi anayejua kusoma mchoro ule wa chini ya boneti atamwokolea mwanachama fedha ambazo hakuna mnada utakaozirudisha.