Makbeth Angemtawala Nani Newala?

Mwalimu yeyote aliyepata kusomesha Makbeth katika shule ya sekondari anaijua insha hii, maana huandikwa kila mwaka na wanafunzi wasiojuana. Makbeth, yasema insha, alikuwa askari hodari na mtu mwema, akakutana na wachawi watatu nyikani, wakamtabiria ufalme, naye, kwa kuwa majaliwa hayakwepeki, akamwua Mfalme Duncan, kisha akaangamia. Mwanafunzi hupewa alama zake akaenda. Kwa maoni yangu insha hiyo ina hatari, na hatari yake haiishii darasani. Kijana aliyefundishwa kwamba cheo humsomba mtu kama mafuriko yanavyosomba kibanda atakuja kukalia kiti cha ofisi ya umma, na siku ya kuulizwa atakuwa na jibu tayari.

Tuitazame tamthilia yenyewe. Samuel Mushi, ambaye tafsiri yake ya Makbeth ilichapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1968, ndiye pia aliyefasiri Mfalme Edipode ya Sofokile, iliyotoka mwaka 1971, na ingefaa walimu wazisomeshe pamoja. Edipode ametabiriwa kwamba atamwua baba yake na kumwoa mama yake. Anaukimbia utabiri, anauhama mji aliolelewa, na huko anakokimbilia ndiko unakomngoja. Huyo tukimlilia kwa kutaja majaliwa hatujakosea. Lakini Makbeth hakukimbia kitu. Wachawi walimwambia kwamba atakuwa mfalme, hawakumwambia aue. Neno la kuua lilizaliwa kifuani mwake mwenyewe, mkewe akalitia makali tu. Na Banquo, aliyesimama pale pale, akasikia utabiri wa kizazi chake mwenyewe kutoka kwa vinywa vile vile, alirudi nyumbani bila kumgusa mtu kisu.

Iko habari nyingine ambayo mara nyingi tunaipita. Makbeth wa historia alitawala Uskoti miaka 17, tangu 1040 hadi 1057, na Duncan alikufa vitani. Shakespeare aliiacha habari hiyo kwa makusudi. Alichukua kisa cha mfalme mwingine, katika kitabu kile kile cha historia alichokuwa akikisoma, aliyeuawa usingizini na mwenyeji wake. Alitaka tumwone mtu anayemuua mgeni aliyelala chini ya dari yake baada ya kula chakula chake. Jambo hilo halihitaji kufasiriwa kwa mtu wa Masasi wala wa Newala.

Na sasa naomba tupande na barabara ya kutoka Masasi, tuyaache majabali yale nyuma yetu, tufike Newala juu ya uwanda wa Makonde. Kitabu hicho kikisomwa hapa kinabadilika sura. Kwa Wamakonde, na kwa jirani zao Wamakua, Wayao na Wamwera, urithi wa jadi hufuata upande wa mama. Mrithi wa mkubwa wa ukoo ni ndugu yake wa tumbo moja au mpwa wake. Mtoto wake wa kumzaa ni wa ukoo wa mama yake. Vitabu alivyovisoma Shakespeare vinasema kwamba mama yake Duncan na mama yake Makbeth walikuwa ndugu, mabinti wa mfalme mmoja. Kwa hesabu ya Newala basi, hao wawili ni ndugu kamili, na Duncan anaposimama mbele ya watu kumtangaza mwanawe Malcolm kuwa mrithi, anayeonewa ni Makbeth. Wazee wangemkalisha kitako na kumsikiliza.

Sisemi hayo ili nimtetee. Nayasema kwa sababu yanatuondolea kisingizio cha mwisho. Tumpe Makbeth haki yote ya kurithi, na damu iliyomwagika kitandani itabaki mahali pake. Mtu aweza kustahili cheo na bado akakipata kwa njia ya kuchukiza. Wangapi katika idara zetu walikuwa na sifa zote za kupandishwa, lakini hawakuwa na subira, wakaanza kupika fitina za kumwondoa aliyewatangulia? Wengine, tusifichane, walikwenda kupigiwa ramli kwanza. Mpiga ramli naye, kama wale wachawi, aliwarudishia swali lao likiwa limevishwa nguo ya jibu.

Makbeth akishaupata ufalme, angemtawala nani hapa Newala? Kabla ya wageni, uwanda wa Makonde haukuwa na mfalme. Ulikuwa na wakulungwa, kila mmoja na kijiji chake katikati ya vichaka vizito ambavyo havina mito, hata maji yakabidi kuteremkiwa bondeni. Watu walivumilia kiu kwa ajili ya usalama: mwaka 1882 Wangoni walioitwa Magwangwara waliivamia misheni ya Masasi kule chini. Mkulungwa hakuwa na jeshi la kudumu wala gereza. Alikuwa na watu waliokubali kukaa naye. Akiwa mkali kupita kiasi au akila asipostahili, watu walifunga mizigo wakaenda kufyeka kichaka kingine kwa mkubwa mwingine, naye akabaki na jina lake.

Ndivyo inavyomwishia Makbeth. Mabwana wanamtoroka mmoja mmoja kwenda Uingereza, hata akaona kwamba amezungukwa na watu wanaomtii kwa hofu, wala hakuna anayempenda. Tofauti ni kwamba yeye aliweka mpelelezi katika kila nyumba, na aliyekimbia aliacha nyuma mke na watoto wa kuchinjwa. Mahali ambapo kuondoka hakuwezekani, madaraka huoza upesi.

Wakoloni walilijua hilo vizuri. Wajerumani walileta maakida na majumbe. Waingereza nao, walipoona kwamba hapana machifu wa kutawalia, walijaribu wakulungwa, kisha wakaweka maliwali. Liwali alilipwa mshahara na Serikali na kujibu kwa Bwana Diisii. Uso wa kiongozi ukageuzwa kuelekea juu, mgongo wake ukaelekea kwa wananchi. Si ajabu kwamba Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, katika kifungu chake cha 15, ulishughulika hasa na majivuno na dharau ya viongozi. Miaka 10 baada ya Uhuru, tabia ya liwali ilikuwa ingali ikitembea maofisini.

Wilaya hiyo ya Masasi ilimzaa huko Lupaso, mwaka 1938, Benjamin Mkapa, aliyesoma Kiingereza Makerere na kuhitimu mwaka 1962. Aliingia Ikulu mwaka 1995, akaunda Tume ya Jaji Warioba iliyochunguza rushwa na kutoa taarifa mwaka 1996, akatoka mwaka 2005 kwa kuwa Katiba ilimwekea mpaka. Katika kumbukumbu zake za mwaka 2019 aliandika kwamba mauaji ya Pemba ya Januari 2001 yaliutia doa uongozi wake. Wako watakaosema kwamba maneno hayo yalichelewa, nami siwapingi, waliokufa hawakufufuka. Lakini hakuandika kwamba yalikuwa majaliwa.

Hata hivyo wasomaji wengi wa ukurasa huu hawatakuwa wafalme kamwe. Ni walimu, makarani, maofisa wa wilaya. Anayetuhusu sisi ni Banquo. Banquo anashuku mapema kwamba Makbeth ameupata ufalme kwa hila. Hasemi. Hasemi kwa sababu wachawi walimwahidi yeye pia kitu, na ikiwa ahadi ya mwenzake imetimia, huenda na ya kwake iko njiani. Karani wa chama cha msingi anayeona kwamba mizani ya korosho inamdanganya mkulima, naye ameshanong'onezwa kwamba katibu akihamishwa kiti kitakuwa chake, huyo ni Banquo. Mwalimu anayeona fedha za madawati zimeyeyuka, na jina lake liko katika orodha ya wanaotarajiwa kuwa wakuu wa shule, ni Banquo. Mikono yake ni safi. Ametulia tu, anangoja zamu yake.

Alasiri moja mfalme mpya anamwalika Banquo karamuni usiku ule. Anamwuliza kwa upole kama atapanda farasi leo, anakwenda mbali kiasi gani, na kama mwanawe atafuatana naye. Banquo anamjibu maswali yote matatu, kwa adabu na kwa ukweli, kama mtumishi mwema anavyomjibu mkubwa wake, kisha anakwenda kutandika farasi.