Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Nyeri: Mpimeni Sukari Kabla ya Kusema Amelewa

Mheshimiwa Waziri,

Pombe ya sumu ilipoua watu kule Kangai, Kirinyaga, Februari 2024, nchi nzima ilishtuka. Mimi nakuandikia kuhusu vifo visivyotangazwa, vinavyoletwa na pombe ambayo huenda ni halali kabisa.

Chukua ruracio yoyote, yaani mazungumzo ya mahari, hapa kwetu. Mzee mwenye kisukari amemeza glibenklamaidi, dawa ya kushusha sukari, asubuhi kwa chai tupu. Mazungumzo yanarefuka, chakula kinangoja wazee wapatane, na pembe ya muratina, pombe yetu ya kienyeji, inazunguka. Kufikia jioni jasho linamtoka, ulimi ni mzito, anayumba. Vijana wanasema, "Guka (babu) amelewa, mlazeni," wakamfunika blanketi. Kumbe sukari ya damu imeshuka chini ya 4 mmol/L, na huenda asiamke.

Mtu asipokula, ini ndilo humtengenezea sukari. Pombe huizuia kazi hiyo, huku glibenklamaidi au insulini ikizidi kuishusha sukari iliyobaki. Hatari hiyo yaweza kumfuata usingizini, hata kesho yake. Utamu wa kinywaji huweza kupandisha sukari mwanzoni, akajiona yu salama. Metfomini, dawa nyingine ya kisukari, ikitumiwa peke yake si kawaida kushusha sukari kiasi hicho, lakini kwa mlevi wa kupindukia huongeza hatari ya asidi ya laktiki kujaa katika damu. Na anayeruka dawa ili anywe, sukari yake hupanda.

Mheshimiwa, Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezikabidhi kaunti hospitali na zahanati, na papo hapo leseni za pombe. Serikali inayompa mzee dawa ndiyo hiyo hiyo inayoidhinisha baa anayoingia jioni. Kwa hiyo nina maombi matatu.

Kwanza, kila anayeandikiwa dawa hizi za kisukari aulizwe kuhusu pombe faraghani, kwa Kikuyu akipenda, bila kukemewa. Mzee hawezi kukiri mbele ya mkaza mwana wake aliyemsindikiza kliniki.

Pili, wahudumu wa afya ya jamii, waliopewa vipima sukari mwaka 2023, wazifundishe familia kwamba dalili za sukari kushuka hufanana na za ulevi.

Tatu, mwenye baa asipewe leseni kabla ya kufunzwa huduma ya kwanza. Mgonjwa akitetemeka na kuchanganyikiwa, apewe soda yenye sukari ikiwa bado anaweza kumeza. Akizimia, asitiwe chochote mdomoni; akimbizwe hospitali.

Maombi haya hayahitaji jengo jipya wala mashine ya bei ghali. Yanahitaji agizo lako.

Nawe msomaji mwenye mzazi anayetumia dawa hizi, mshauri amuulize daktari wake kuhusu pombe, na akinywa, asinywe bila kula. Ukimwona anayumba, mpime sukari kwanza.

Wako mwaminifu,
Mkazi wa Karatina