Tupa Ndani ya Silinda

Injini za kupachika za mipigo miwili zingali zikisukuma mashua nyingi za uvuvi katika mwambao wa Afrika Mashariki, na nyingi kati yake ni kuukuu. Mwenye mashua aonapo yake inalemewa na mzigo, hushawishika kumtaka fundi aiongezee farasi: tundu la moshi lipanuliwe kwa tupa, na uso wa kichwa cha silinda upunguzwe ili mchanganyiko wa petroli na hewa ubanwe zaidi. Jambo hilo lawezekana. Lifaalo kuulizwa ni kama nguvu ipatikanayo yamfaa mvuvi.

Katika injini ya namna hii pistoni yenyewe, ipandapo na ishukapo, ndiyo ifunguayo na kuziba matundu ya ukuta wa silinda. Ukingo wa juu wa tundu la moshi ukiinuliwa, tundu hufunguka mapema. Mizunguko ikiwa mingi, moshi hupata nafasi ya kutoka na nguvu huongezeka. Ikiwa michache, gesi zenye msukumo hutoroka kabla ya kumaliza kazi yake, na petroli isiyowaka hufuatana nazo. Yaani injini hunyang'anywa nguvu ya chini ili ipewe ya juu. Na mashua nzito huihitaji ile ya chini.

Walter Kaaden, mhandisi wa kiwanda cha MZ katika Ujerumani ya Mashariki, aliifikisha mbali njia hiyo. Mwaka 1961 injini yake ya pikipiki za mashindano, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 125 tu, ilitoa takriban farasi 25. Ni kazi ya kustaajabisha, lakini farasi hao walipatikana kwenye mizunguko zaidi ya 10,000 kwa dakika, hali injini za kupachika aghalabu hufanya kazi kwenye 5,000 hivi.

Rafadha nayo ina sheria yake. Nguvu ya kuizungusha hukua kwa kipeo cha tatu cha mizunguko: kuongeza mizunguko kwa asilimia 10 kwahitaji nguvu zaidi kwa asilimia 33. Aidha, mashua isiyoteleza juu ya maji hufungwa na wimbi lake yenyewe. Kasi yake, kwa kilometa kwa saa, haizidi sana mara 4.5 ya kipeuo cha pili cha urefu wake majini kwa meta. Mashua ya meta 9 hufikia kama 13.5. Farasi wa ziada huishia kukuza wimbi nyuma ya tezi.

Kupunguza kichwa cha silinda ni hatari zaidi. Mchanganyiko uliobanwa mno hulipuka ovyo, joto hupanda, utando wa oili hukatika, na injini hunoki. Mpanda pikipiki husimama kando ya barabara. Mvuvi aliye mbali na nchi kavu wakati wa kusi huchukuliwa na mkondo.

Heri fundi aondoe masizi, apime mkandamizo, abadili ringi zilizolika na kuzibua njia ya maji ya kupoza. Kisha mashua ipakiwe mzigo wake wa kawaida, petroli ifunguliwe yote, na mizunguko ipimwe. Ikiwa chini ya kiwango cha kiwanda, rafadha yenye hatua fupi, isongayo mbele kidogo zaidi kwa kila mzunguko, itaiwezesha injini kutoa farasi ambao mwenyewe alikwisha kuwanunua.