Kombi ya kuiga itakutoa jasho, kijana!

Wiki hii naomba tuweke mapenzi na disko kando kidogo. Nataka tuongee jambo ambalo vijana wengi wanalichukulia juu juu, halafu wanalilia baadaye: kuchagua masomo na kazi.

Hebu tupige hesabu. Mtihani wa kidato cha nne unaisha Novemba. Kidato cha tano kinaanza Julai. Hapo katikati kuna zaidi ya miezi saba! Kijana wa mjini anaimalizaje? Asubuhi analala, mchana anaangalia muvi, jioni yuko kijiweni anabishana kuhusu Simba na Yanga. Na ni ndani ya miezi hiyo hiyo, matokeo yakishatoka, ndipo anaporuhusiwa kubadili machaguo aliyojaza shuleni kwenye ile Selform. Wangapi wanaitumia nafasi hiyo kwa akili?

Muulize mmoja kwa nini kajaza PCB. Atakwambia, "Mshikaji wangu kajaza hiyo." Mwingine atasema mzee anataka daktari nyumbani. Na dada mmoja atakwambia kakimbilia HKL kwa sababu eti hisabati ni za wanaume. Loo! Hivi kweli maisha yako yote unayakabidhi kwa mshikaji ambaye hata yeye hajui anakokwenda?

Sikilizeni wadogo zangu, hizi herufi tatu zina mambo. Ukitaka udaktari, lazima uwe na fizikia, kemia na baiolojia. Ukitaka uhandisi wa ujenzi, wanataka hisabati ya juu, na hiyo haimo kwenye PCB. Sasa wewe uliyesoma PCB kwa kuiga, ukifika mwisho ukagundua roho yako iko kwenye kujenga madaraja, utamlaumu nani? Mlango umeufunga mwenyewe ukiwa na miaka kumi na saba.

Tena siku hizi mambo yameongezeka. Mwaka 2024 Serikali ilitangaza kuongeza tahasusi kutoka 16 hadi 65. Ni jambo zuri, maana wale wenye vipaji vya michezo, sanaa na lugha nao wamefikiriwa. Lakini kwa mtoto ambaye 16 tu zilikuwa zinamchanganya, hizo 65 atazichambua na nani? Mwalimu wa ushauri ni mmoja, wanafunzi mamia, na yeye huyo huyo ana vipindi vya kufundisha.

Ndiyo maana nawavulia kofia wale wanaoifanya kazi hii nje ya darasa. Jarida la Fema, lililoanza mwaka 1999, lilizaa Fema Klabu mashuleni, ambako vijana hukutana na kuzungumza maisha yao wenyewe bila kuogopa fimbo. Kuna na CAMFED, walioanza Zimbabwe mwaka 1993 na kuingia Tanzania mwaka 2005. Mtindo wao umenikuna. Msichana aliyemaliza shule anarudi kujitolea kwenye shule za kwao, anawaongoza wadogo zake kujitambua na kupanga malengo. Akikopeshwa mtaji wa biashara hatozwi riba ya fedha. Riba yake ni ule muda anaojitolea! Hiyo ndiyo tunaita mkono kwa mkono, bwana.

Sasa na sisi wa mtaani tunangoja nini? Jambo hili halihitaji mfadhili wala semina ya hotelini. Msikiti una wasomi, kanisa lina wasomi, serikali ya mtaa ina ukumbi. Jumamosi moja kwa mwezi waiteni nesi, fundi umeme, mhasibu na mwanasheria wa hapo hapo mtaani. Wawaambie watoto ukweli: walisoma nini, walikwama wapi, na kazi yenyewe ikoje ukiondoa suti na tai.

Wewe kijana nawe usikae kungoja kuitwa. Unataka uanasheria? Mahakama ya Kisutu husikiliza kesi hadharani, nenda kakae nyuma usikilize, hakuna kiingilio. Unapenda ufundi? Fika VETA Chang'ombe uulize kozi zao, na usidanganywe kwamba ufundi ni wa waliofeli. Baada ya wiki mbili tu za kuzunguka hivyo, utakuwa umejua mengi kuliko ya miezi saba ya kijiweni.

Kuna hili la mwisho, na ndilo linaloumiza wengi. Mtoto anafaulu vizuri, chuo anapata, mkopo anakosa kwa sababu ya makaratasi. Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA. Kama mzazi amefariki, cheti cha kifo nacho kinatakiwa. Sasa wewe shuleni unaitwa Juma, kwenye cheti cha kuzaliwa ni Jumanne, na cheti cha kifo cha marehemu baba hakijawahi kufuatiliwa. Dirisha la maombi likifunguliwa ndipo mnaanza kukimbizana na ofisi huku siku zinayoyoma. Kwa nini msiyamalize hayo sasa hivi mkiwa nyumbani mnahesabu bati?

Na nyie mlioko vyuoni, mkirudi likizo msije kuturingia simu mpya tu. Yupo dogo mmoja hapo jirani anaijaza fomu yake kwa kubahatisha. Saa moja ya muda wako inaweza kumwokolea miaka miwili ya kusoma kitu asichokitaka. Usisubiri aje kukuomba. Mwite wewe.