Kazi ya Mungu Haina Makosa?

Mwaka 2012 tulimzika shemeji yangu, mke wa mdogo wangu, akiwa na umri wa miaka 26. Alijifungua mtoto wa kike saa mbili usiku katika zahanati ya kijiji, kisha damu ikakataa kukatika. Zahanati ilikuwa imeishiwa sindano za kuzuia damu. Gari la wagonjwa halikuwapo. Tulipopata gari la kuazima, tukaanza kuchangishana fedha za mafuta. Na wakati sisi tunahesabu noti kwa mwanga wa kurunzi, yeye alikuwa anakwisha. Alikata roho njiani, saa saba usiku.

Siku ya mazishi mhubiri alisimama kando ya kaburi akasema maneno ambayo wewe msomaji umeyasikia mara nyingi: sisi tulimpenda, lakini Mungu kampenda zaidi, kazi ya Mungu haina makosa. Watu wakaitikia amina. Nami niliitikia, maana mbele ya wafiwa si mahali pa kubishana. Lakini amina ile imenikaa kooni hadi leo, na sasa nataka kuitema.

Makosa yalikuwapo. Aliyepaswa kuagiza dawa hakuagiza. Waliopaswa kuhakikisha kuna gari hawakuhakikisha. Na sisi ndugu tulikuwa na miezi tisa ya kuweka akiba ya nauli, hatukuweka hata senti. Yote hayo tuliyafukia pamoja na jeneza. Hakuna aliyeuliza swali, kwa kuwa nani atamhoji Mungu? Tulikula wali wa msiba, tukatawanyika, na zahanati ikabaki vilevile.

Utafiti wa taifa wa Tanzania wa mwaka 2015 na 2016 ulikadiria kuwa wanawake 556 hufa kwa sababu za uzazi katika kila vizazi hai 100,000. Utafiti kama huo wa mwaka 2022 ulikadiria vifo 104. Sasa naomba nijibiwe: je, katika miaka hiyo Mungu alipunguza upendo wake kwa wazazi wetu? Au ni kwamba vituo vya afya vya kufanyia upasuaji wa dharura viliongezwa, na wanawake wengi zaidi wakaenda kujifungulia huko? Kama vifo vile vilikuwa kazi isiyo na makosa, basi wakunga na waganga wetu wamekuwa wakimpinga Mungu, na kumpinga huko kumefanikiwa.

Mtaniambia: usichanganye mambo, mhubiri alikuwa anawafariji tu. Sipingi faraja. Ninachopinga ni faraja inayotolewa kama habari ya uhakika, na mtu ambaye hana habari hiyo. Tazama hata lugha yetu. Mtu akifa tu, mwema au mwovu, tunamwita marehemu, yaani aliyerehemiwa. Hukumu imekwisha kutolewa kabla maiti haijaoshwa! Ijumaa na Jumapili tunaambiwa njia ya motoni ni pana na wengi wanapita humo. Lakini nimehudhuria mazishi ya wezi wa mali ya umma, na ya waume waliowapiga wake zao hadi kuwavunja mbavu, na sijasikia hata mara moja kwamba maiti huyu amekwenda motoni. Wote huombewa mahali pema peponi. Moto ni wa walio hai, wa kuwatisha. Pepo ni ya maiti, ya kuwaliwaza jamaa zake. Habari inayogeuka kufuata msikilizaji si habari.

Na habari zenyewe hazipatani. Katika ukoo wangu mmoja tu, shangazi Mwislamu anaamini kwamba maiti huulizwa maswali na malaika wawili kaburini. Mjomba Mkatoliki hulipia misa ili roho zilizo toharani zipunguziwe adhabu. Mkwewe Mlutheri anasema toharani haipo. Jirani yao Msabato anasema wote hao wamekosea, wafu wamelala na hawajui neno lolote hadi ufufuo. Na babu yetu, kabla hajabatizwa, aliwamwagia pombe wazee wa kale chini ya mti, akiamini wako papo hapo wanasikiliza. Hawawezi kuwa sahihi wote. Kila mmoja ana hakika, na karibu kila mmoja hakika yake aliipata kwa kuzaliwa nyumba fulani.

Wapo wanaosema, bila hofu ya jehanamu watu watafanya watakavyo. La hasha! Nchi zetu zimejaa watu wanaoiogopa jehanamu, na rushwa imejaa vilevile. Mwizi wa dawa za zahanati huenda ibadani kama mimi na wewe. Adhabu iliyo mbali kiasi hicho, na ambayo toba ya dakika ya mwisho huifuta, haijamzuia mtu kuiba leo.

Lakini ahadi ya ng'ambo ya kaburi inaweza kufanya jambo jingine: kuyafanya maisha haya yaonekane rahisi kutupwa. Machi 2000 huko Kanungu, Uganda, mamia ya wafuasi wa dhehebu lililongoja mwisho wa dunia waliteketea ndani ya kanisa lao. Mwaka 2023 katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, mingi ya watu waliokufa kwa njaa, watoto wakiwamo. Waendesha mashtaka wakasema waumini waliambiwa wafunge kula ili wamwone Yesu. Mtasema hao walipotoshwa. Kweli. Lakini mtoto aliyefundishwa tangu utotoni kwamba hapa tunapita tu, na makao yetu halisi yako kwingine, tutamlaumuje akiyachukua maneno hayo kama yalivyo?

Mimi sijui kuna nini baada ya kufa, na nadhani hakuna kitu. Hilo halinitishi. Vita vya Maji Maji vilipopiganwa mwaka 1905 mimi sikuwapo, wala kutokuwapo kwangu hakukuniuma.

John Mbiti, kasisi wa Kianglikana kutoka Kenya, katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika, alitumia maneno yetu mawili, sasa na zamani. Alieleza kwamba katika fikra za wazee wetu, mfu hubaki katika sasa maadamu yupo mtu aliye hai anayemkumbuka kwa jina. Hiyo ndiyo ahera pekee ninayoweza kuitolea ushahidi. Yule mtoto wa kike aliishi. Amepewa jina la mama yake, na anacheka kama yeye.

Siku yake ya kujifungua ikifika, sitaki kusikia habari za upendo wa Mungu. Nataka sindano iwepo, na gari liwe na mafuta. Na wewe unayesoma, utakapokwenda kumzika mzazi mwingine, lia na wafiwa, ukae matanga. Kisha siku ya arobaini ikipita, nenda zahanati ukaulize dawa ilikuwa wapi.